Bakshishi iliyompeleka Bochaberi kituoni

Saa nne na robo asubuhi, noti ya dola ishirini iko juu ya mto wa kitanda, na Bochaberi Moraa hataki kuigusa. Upande mmoja wa kitanda ameshautoa shuka. Wa pili ameuacha vilevile. Anatoka hadi ngazini na kuita, "Bi Ibtihal! Njoo uone!"

Ibtihal, mpishi wa nyumba hii ya wageni mtaani Mkomani, kisiwani Lamu, anapanda huku akipangusa mikono. Anaipiga noti picha kwa simu, kisha anashuka kumuuliza mgeni aliyeko mapokezi kama ameisahau au ameiacha kwa hiari yake. Bochaberi anasubiri mlangoni, mikono nyuma.

"Kuna wageni wanaonicheka," anasema. "Wacha wacheke. Mimi nimeshapelekwa polisi kwa pesa ya namna hii."

Ana miaka thelathini na minane. Alitoka Nyamira miaka tisa iliyopita kumfuata dada yake, mwalimu huko Faza, kisiwa jirani cha Pate, akaanza kwa kufulia watu nguo kabla ya kuajiriwa hapa kusafisha vyumba. Mshahara wake ni shilingi elfu kumi na sita kwa mwezi. Msimu ukiwa mzuri bakshishi humwongezea elfu nne, pengine tano.

Wafanyakazi wana utaratibu wao: pesa iliyo mezani au kabatini haiguswi. Iliyoachwa juu ya mto siku ya mgeni kuondoka ni ya aliyetandika kitanda. "Hakuna aliyetuandikia. Tuliukuta hivyo," anasema.

Januari walikuja Henrik, raia wa Denmark, na mkewe Denise, Mmarekani. Walikaa siku kumi. Asubuhi ya mwisho Denise aliondoka mapema kwa boti kwenda Matondoni kutazama mafundi wa majahazi. Henrik alipanda darini kunywa chai. Bochaberi akaingia chumbani, akakuta dola hamsini juu ya mto wa Denise, akazitia kwenye mfuko wa aproni. Alipokutana na Henrik ngazini alimwambia asante sana. Henrik akatabasamu, akapita.

Nusu saa baadaye Henrik alihesabu pesa za kulipia chumba, zikapungua dola hamsini. Akamwita Bochaberi mbele ya meneja, Dawud.

"Aliniuliza kama nimeona pesa chumbani. Nikamjibu kwa furaha kabisa: ndiyo, nimechukua, Mungu akubariki." Bochaberi anaufunika mdomo kwa kiganja. "Alibadilika rangi. Akamwambia Bwana Dawud, 'Umesikia? Amekiri mwenyewe!'"

Alijaribu kueleza kuhusu mto. Henrik akasema kwao hakuna mtu anayemwachia mfagiaji pesa kitandani. Simu ya Denise haikupatikana. Dawud, ambaye anakiri alikuwa akiogopa nyumba yake isije ikaandikwa vibaya mtandaoni, alimwambia, "Bi Bochaberi, twende tu kituoni, mambo yatajulikana huko."

Dawud na Henrik walipita naye barabara ya ufukweni akiwa bado na aproni. Wauza samaki waligeuka kumtazama. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Kaiba nini?"

"Miguu ilikuwa inatembea, lakini mimi sikuwa ndani yake," anasema.

Afisa wa zamu, Kiptoo, aliandika maelezo yake na kumkalisha kwenye benchi. Alikaa pale kwa muda wa saa nne. Hakulia. Anasema alikuwa akiziangalia zile dola juu ya meza ya afisa na kujiuliza ni lini shukrani ilikuwa wizi.

Saa nane mchana Denise, aliyekuwa amerudi nyumba ya wageni na kuambiwa yaliyotokea, aliingia mbio, viatu vimejaa matope.

"Ni mimi niliyempa!" alisema hata kabla ya salamu. Akaeleza kwamba kwao mgeni humwachia anayesafisha chumba dola tano kwa kila siku aliyolala, na asiyeacha huonekana bahili. Henrik alimtazama mkewe kama mtu asiyemjua. Kwao, alisema, malipo ya kila mfanyakazi yamo ndani ya bili, na kumwachia pesa za ziada ni kama kusema mwajiri wake hamlipi. Walikuwa wameoana miaka sita. Hawakuwahi kulizungumza.

Henrik aliketi kwenye benchi lilelile. Aliomba msamaha mara nyingi, kisha akatoa dola mia nyingine. Bochaberi alichukua hamsini zake tu.

"Hamsini nilizifanyia kazi. Hiyo mia ilikuwa ya nini? Ya kutembezwa mjini kama mwizi? Hiyo haina bei."

Dawud naye alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, na sasa kila chumba kina tangazo linalomwomba mgeni akabidhi bakshishi mapokezi. Wengi hawalisomi. "Wallahi, nti zao hatuzijui, nao yetu hawaijui," anasema Ibtihal kwa Kiamu chake, 'nti' ikiwa ni nchi. "Ikiwa mume na mke hawajuani, mimi na Bochaberi tutajuaje?"

Jumapili baada ya kupelekwa kituoni, kanisani, mwanamke aliyeketi kando ya Bochaberi aliuhamishia mkoba wake upande wa pili. Hilo ndilo linalomtoa machozi hadi leo, wala si kituo cha polisi.

Septemba ataanza masomo ya mapokezi ya hoteli huko Mombasa, miezi sita. Amekwisha kulipa nusu ya karo na Dawud ameahidi kumwekea nafasi.

"Nimechoka kumjua mgeni kwa shuka zake," anasema. "Nataka nikae pale mbele. Akiingia tu, kabla hajapewa ufunguo, nimuulize: kwenu mnashukuru vipi? Halafu nimwambie na sisi huku tunashukuru vipi."