Siku Niliyompitisha Baba Uani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia baba mdogo kwamba baraza nitalimalizia mwenyewe. Nalitaja mapema kwa sababu kila nikisimulia mkasa huu watu hunisubiri nifike kwenye kuku, au kwenye suruali ya baba, wakidhani aibu ilianzia hapo, kumbe ilianza wiki moja kabla, Jumamosi jioni, baba mdogo akiwa anaosha mwiko wake (yeye ni fundi ujenzi, nyumba nyingi za hapa Issuna zimepita mikononi mwake), akaniambia sakafu imekaa vizuri, sasa tuimwagilie maji tu hadi wageni waje, na mimi nikamjibu asihangaike kurudi, sehemu iliyobaki naiweza. Hakukuwa na sehemu iliyobaki. Baraza lilikuwa limekwisha.

Lakini mimi ndivyo nilivyo. Ufundi nimejifundisha kwa video za kwenye simu, nimeharibu tofali nyingi kabla sijaweza kusimamisha ukuta, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja, hajui kitu kimetosha lini, maana hakuwahi kuwa na mtu wa kumwambia basi. Nilikuwa na pima maji ndogo ya mkononi, ya kuonyesha kama kitu kimelala sawa, nikawa naiweka kwenye kila kitu, kwenye dirisha, kwenye meza, kwenye kitanda, mpaka siku moja mama akaniomba nisije nikaiweka juu ya ugali.

Baraza alilitaka mama. Mwanzoni nilidhani anataka kivuli, au mahali pa kuchambulia mboga bila kupigwa na upepo, kumbe alikuwa na hesabu yake. Baba aliondoka nikiwa na miaka kumi na tano, alikwenda Itigi kununua asali, akasema atakaa wiki mbili. Sasa nina miaka ishirini na miwili. Mwaka wa kwanza alipiga simu, wa pili tukasikia kwa watu kwamba ana nyumba nyingine kule na mwanamke mwingine, baada ya hapo tukawa hatusikii kitu. Baba alikuwa na tabia ya kugonga ukuta kwa kidole kila akipita, kama anayeupima, na nitawaambia ukweli ambao sijamwambia mtu, kwa miaka saba nimekuwa nikiacha kutafuna nikisikia kitu kimegonga ukuta wa nje. Mara zote ni mbuzi.

Halafu mwaka huu baba mdogo akaleta habari kwamba kaka yake anataka kuja kuzungumza na mama, atakuja na mzee mmoja wa kanisani, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, saa nane mchana. Mama hakulia wala hakufurahi. Siku ya tatu akasema anataka baraza, na kabla sijauliza akanieleza.

"Atakaa barazani," alisema. "Ndani hataingia mpaka nimalize kusema."

Kwetu wa nyumbani hupita uani, mgeni hupita mbele. Mtoto, shangazi, jirani wa kuja kuomba chumvi, wote wanazunguka nyuma, wanapita jikoni. Anayekuja na jambo anapita mbele, anapewa kiti, anasikilizwa. Sasa nyumba yetu mbele ilikuwa na mlango tu na udongo, ukimkaribisha mtu umeshamwingiza sebuleni. Mama alitaka mahali pa kumkalisha baba ambapo si ndani na si njiani. Alikuwa na maneno, amekaa nayo miaka saba, na alitaka kuyasema akiwa amevaa gauni lake la Jumapili, kwenye kiti, baba naye kwenye kiti, mzee akishuhudia.

Mimi nilielewa, lakini moyoni nilikuwa na jengo langu jingine. Nilitaka baba alione baraza, ashangae, aulize nani kajenga, aambiwe ni mimi, halafu abaki. Najua ni akili ya kitoto. Hakuna mwanaume anayerudi kwake kwa sababu ya sakafu. Ila ukitamani muda mrefu mtu arudi, unajikuta unaamini kwamba kinachomzuia ni kitu kidogo, na kwamba ukikinyoosha hicho kitu atakuja.

Basi Ijumaa mchana, siku moja kabla, nikalala kifudifudi barazani, nikaweka shavu kwenye sakafu na kufumba jicho moja. Nikaona bonde. Lilikuwa kwenye pembe ya karibu na mlango, dogo kiasi kwamba ungemwaga maji ya kikombe kimoja yangebaki ya kijiko. Nikaweka pima maji, kiputo kikasogea kidogo sana. Mtu mwenye akili angeinuka, akajipangusa, akaenda kula. Mimi nikafikiri, na rangi nayo ni ya kijivu, imepooza, nikipiga niru nyekundu nitakuwa nimeziba bonde na nimepamba kwa mpigo mmoja.

Niru ni ule uji wa saruji na rangi unaosuguliwa juu ya sakafu mpaka ing'ae. Fundi yeyote atakwambia hupigwa siku ileile, sakafu ikiwa bado mbichi, tena nyembamba. Sakafu yetu ilikuwa na siku sita. Mimi nilikuwa nimeona kwenye video jamaa anapiga juu ya sakafu kavu, nzito, na kesho yake anatembea juu yake na viatu. Sikujiuliza yule jamaa yuko nchi gani, ana jua la namna gani, wala amechanganya kitu gani ambacho hakukionyesha. Nikachanganya nzito, nikamwaga, nikasugua nikirudi nyuma hadi nikafika kwenye ngazi, na jua lilipokuwa linazama baraza liling'aa kama limepakwa mafuta. Mama akatoka kupitia uani, akaja mbele, akalitazama muda mrefu, akauliza kama litakauka. Nikamwambia asubuhi atacheza mpira juu yake.

Mwezi wa sita kwetu ni baridi na upepo. Asubuhi sakafu ilikuwa na ngozi ngumu juu, chini bado uji, na katikati palikuwa na mstari wa nyayo za kuku, umenyooka kutoka ngazini hadi mlangoni kama mtu aliyekuja kubisha hodi. Hapo ningeweza kuacha. Nyayo za kuku hazijawahi kuvunja kikao. Ningetafuta mbao mbili, nikaziweka juu, wageni wakapita, viti tukavipanga chini mbele ya ngazi. Lakini niliona zile nyayo kama matusi. Nikachanganya niru nyingine, nyepesi zaidi ili iteleze vizuri, nikapaka upya baraza zima, na ilipofika saa tatu likawa linang'aa kuliko jana. Nikajiambia kwamba hadi saa nane kuna masaa matano, na upepo huu unakausha hata mawe. Nikaenda dukani kuchukua soda za wageni.

Wageni hawakuja saa nane. Walipata lori la vitunguu lililokuwa linapita kwenye barabara kuu, wakaona heri wasisubiri basi, wakafika saa tatu na nusu. Nilikuwa narudi na kreti begani nilipowaona kwa mbali, watu watatu wanaingia kwetu, na wa mbele nikamjua kwa mgongo. Miaka saba, na nilimjua kwa mgongo. Alikuwa amevaa suruali ya kitambaa, ya rangi ya maziwa, na viatu vilivyopigwa rangi. Baba mdogo, aliyekwenda kuwapokea barabarani, alikuwa nyuma kabisa anaongea na simu, ndiyo maana yeye, ambaye angejua kwa kutazama tu, hakutazama.

Baba alisimama mbele ya baraza. Niliona anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali, na nilikuwa nimeisubiri hiyo ishara maisha yangu yote ya utu uzima, ambayo ni mafupi, najua. Akapanda ngazi, akaweka mguu wa kulia.

Nilipaza sauti. Sikumbuki kreti niliiweka au niliiangusha (soda mbili zilipasuka, kwa hiyo nadhani niliiangusha). Nilikimbia nikisema baba usikanyage, naye akageuka kunitazama huku mguu wa kushoto ukiwa hewani, na kugeuka kule ndiko kulikommaliza, maana kiatu cha kulia kilibaki kimenasa na yeye akaendelea. Akakaa. Alikaa kwa heshima zote, taratibu, katikati ya niru, akateleza hadi karibu na mlango. Mzee akanyoosha mkono kumshika, akapiga goti, na goti nalo likazama.

Baba akaangalia mikono yake miwili iliyokuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. "Ndiyo hili baraza lenyewe?" akauliza.

Nikamwamkia shikamoo. Kwa kweli, ndicho nilichoweza. Akaitikia marahaba akiwa amekaa palepale, na tukabaki tunatazamana, mimi chini, yeye juu, miaka saba. Ndipo nikasema lile neno.

"Baba, pita uani."

Mzee, akiwa bado na goti moja chini, akanitazama kwa ukali. "Kijana, sisi tumekuja na jambo," alisema. "Jambo halipiti jikoni."

Lakini baba alikuwa ameshainuka, ameshika ukuta, anashuka na kuzunguka nyumba, na kila alipokanyaga aliacha alama nyekundu kwenye udongo. Mama alikuwa uani. Hakuwa amevaa gauni la Jumapili, lilikuwa kwenye kamba linapigwa na upepo. Alikuwa na kanga ya kupikia, kichwa wazi, anamnyonyoa jogoo kwenye beseni, mikono imejaa manyoya. Akainua macho, akamwona mume wake anaingia kwa njia ya watu wa nyumbani, mwekundu kuanzia kiunoni kwenda chini kama aliyechinjwa vibaya. Hawakusalimiana. Mama alichukua ndoo ya maji akamsogezea, akaingia ndani, akatoka na kitenge chake, akamrushia.

Kwa hiyo kikao kilifanyika jikoni. Baba amejifunga kitenge cha maua, mzee kwenye ndoo iliyopinduliwa, baba mdogo amesimama mlangoni kwa sababu angekaa uso kwa uso nao angecheka. Baba bila kufikiri alivuta kigoda kutoka nyuma ya mlango, kilipokuwa kinakaa siku zote, akakalia, akasogeza kuni zilizokuwa zinatoka kwenye mafiga. Alijua kila kitu kilipo. Na nikiri, katikati ya aibu ile yote, nilifurahi. Nilisimama pale na mikono yenye niru, nikaangalia mgongo wake mbele ya moto wetu, nikawaza, tumerudi.

Mzee alifungua kwa sala. Baba akasema amekosa, akasema kwa kifupi, macho kwenye moto. Mzee akamgeukia mama, akamwambia sasa ni zamu yake. Mama alifuta mikono, akaangalia kile kitenge, akasema nyama itachelewa, akageuka kuendelea na jogoo.

Basi. Hakusema kingine. Walikula, suruali niliifua haikutakata, baba akavaa yangu iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu, na alasiri akapanda basi la kuelekea Manyoni ili aunganishe kwenda Itigi. Hakusema atarudi lini. Nilimsindikiza mpaka barabarani na hakuniuliza nani kajenga.

Niliporudi nilimkuta mama amekaa kwenye kile kigoda. Nilianza kuomba radhi kwa ajili ya sakafu, nikaeleza habari ya bonde, ya kuku, ya video, akaniacha nimalize.

"Mimi nilikuwa na maneno ya kumwambia mgeni," alisema. "Wewe ukaniletea mume wangu jikoni, amevaa kitenge changu. Ningemwambia nini?"

Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, si suruali. Nilikuwa na maneno mengi ya kuchagua pale mbele. Ningesema baba ngoja, ningesema nawaletea viti hapo nje. Nikasema pita uani. Nimejiuliza mara nyingi kama ulimi uliteleza au kama ni ile tamaa yangu iliyopata upenyo, na jibu silipendi.

Kesho yake baba mdogo alikuja na sululu ndogo, tukakwangua niru yote, yeye akicheka, na chini yake tukaikuta sakafu yake, nzima, nikalitafuta lile bonde kwa kiganja, sikulipata.

Mwezi wa nane mama alimtuma baba mdogo amwite baba tena. Alivaa gauni lake, viti vikawekwa barazani, mzee akaja, na mimi nikapelekwa shambani kupura alizeti ili nisiwe karibu na kitu chochote. Kwa alivyonisimulia baba mdogo, walikaa kwa saa mbili. Mama alisema yote. Baba hakuingia ndani, na hakuombwa aingie.

Baba bado anaishi Itigi. Hupiga simu Jumapili, na mama huipokea akiwa amekaa barazani kwake. Mimi ile pima maji nilimpa baba mdogo, nafanya kazi chini yake siku hizi, na akisema basi, ninaacha.