MRI: Fomu niliyomjazia baba yangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Kuna mdau humu kauliza mgonjwa anatakiwa ajue nini kabla ya kwenda kupiga MRI. Akajibiwa kirahisi tu, "vua saa na mkanda, basi." Nimesoma hilo jibu nikakasirika. Ngoja niwape yaliyonikuta, bila kuongeza chumvi. Atakayeona naongopa, shauri yake.

Mzee wangu alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba la mkonge huku Kilosa. Ubinafsishaji ulipokuja shamba likauzwa, mafundi wakapunguzwa, wakapewa barua. Mzee hakulalamika. Alibeba nyundo zake na tindo, akahamia Mikumi barabarani, akawa anatengeneza springi za malori yanayokwenda Zambia. Soko huria lilileta malori, malori yakawa yanavunjika springi, na sisi tukawa tunakula.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na ndiye pekee niliyesoma. Mwalimu wa shule ya msingi, Zombo. Nyumbani kwetu Magomeni (ya Kilosa, msije mkachanganya na ya Dar) kikao cha ukoo hakiishi mpaka Mwalimu aseme. Hata baba mwenyewe alikuwa ananiita Mwalimu. Hilo mlikumbuke, maana ndilo lililotuponza.

Basi mgongo ukaanza kumsumbua mzee, mguu wa kushoto unakufa ganzi. Wilayani wakampa dawa. Mkoani wakasema huyu apigwe MRI, na enzi hizo MRI ilikuwa mpaka Dar, ndiyo kwanza vituo vya watu binafsi vinaanza kuleta hizo mashine. Tukapanda basi.

Kituo kilikuwa kizuri, AC inapuliza, sakafu inateleza. Dada wa mapokezi alimwamkia vizuri, "Shikamoo baba." Mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu." Baada ya hapo kila swali lilikuja kwangu, na mzee amekaa pembeni kama mzigo nilioubeba kutoka Mikumi.

Nikapewa fomu. Kiingereza kitupu, maswali kurasa mbili. Ana kifaa cha moyo? Amewahi kupasuliwa? Ana risasi mwilini? Swali moja liliuliza kama mgonjwa amewahi kuumizwa jicho na kitu cha chuma.

Nililisoma wakuu. Sitawadanganya kwamba sikuliona. Nikaweka vyema kwenye No. Niliweka No kuanzia juu mpaka chini, mstari umenyooka. Mimi, mwalimu ninayewachapa watoto wanaoweka vyema bila kusoma swali vizuri!

Mtaniuliza kwa nini sikumuuliza mwenyewe. Kwetu mtoto hamhoji baba yake habari za mwili wake mbele za watu, ni utovu wa adabu. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa naitoa miaka yote. Sababu nyingine ni kwamba nilitaka yule dada aone ninavyokimbiza Kiingereza.

Akatoka kijana wa mashine. Akaniuliza mimi, "Mzee hana chuma mwilini?"

Baba akadakia, "Chuma gani?"

"Baba, wanamaanisha vile vyuma vya kuungia mifupa. Wewe huna."

Akanitazama. "Vya kuungia mifupa sina," akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Haya, Mwalimu."

Yule kijana akampa kipira cha kubonyeza akipata shida akiwa mle ndani. Mimi sikunyamaza, nikaongeza yangu: "Kuna makelele baba, usiogope. Ila usitikisike, ukitikisika picha inaharibika. Na usibonyeze ovyo, tusiwasumbue watu."

Alikaa mle kama nusu saa. Hakubonyeza.

Akatoka ameshika jicho la kulia, machozi yanamtoka. Nikasema ni AC. Tunafika kwa shangazi tulikofikia, jicho limekuwa jekundu lote, anasema anaona ukungu. Kesho yake haoni kabisa. Tukakimbilia hospitali ya macho, wakapiga eksirei, kuna punje ya chuma ndani ya jicho. Daktari, mama mmoja mtu mzima, akasema punje hiyo imekaa mle miaka, na sasa imesogea, imechana ndani.

Ile mashine ni sumaku, wakuu. Sumaku kubwa kuliko unavyowaza, na haizimwi mgonjwa akitoka, inavuta saa zote.

"Nani alijaza fomu?" daktari akauliza.

Baba akaniwahi. "Tulijaza."

Tulipobaki wawili kwenye benchi nikamuuliza kwa nini hakubonyeza kile kipira. Akasema, "Nilisikia kitu kinanichokonoa jichoni. Lakini ulisema nisitikisike."

Hapo bado sijafika kwenye kinachoniuma zaidi.

Nilimwacha mzee kwa shangazi, nikaenda Mikumi kuwaambia wenzake kwamba atachelewa kurudi. Fundi mwenzake, Mzee Kondo, aliposikia habari ya punje hata hakushangaa. "Si ile ya tindo? Ilimruka anagonga springi ya lori la Zambia. Zahanati walimsafisha, wakampa dawa ya kupaka, akarudi kazini. Sisi hapa mtu akifungua spika ya redio tunamwambia baba yako, wee, sogeza jicho lako huko, sumaku itakuita!"

Wakacheka gereji nzima. Kisha wakaniona sura, wakaacha.

Watu walioishia darasa la nne, hawajawahi kulisikia hata neno MRI, walikuwa na jibu la lile swali. Hata sumaku walikuwa wanaijua. Niliyekuwa sijui ni mimi, mwanawe, niliyesoma fomu.

Kile kituo nao siwasamehe. Nilipokwenda kulalamika wakanionyesha fomu, wakasema sahihi hii si yako? Ni yangu, na nimeipamba vizuri. Lakini mgonjwa alikuwa na masikio na mdomo, anajua Kiswahili, wangemuuliza yeye wangepungukiwa nini?

Mgongo ulipona, kama mnajiuliza. Mazoezi na mkanda, akanyooka. Ila fundi wa jicho moja nyundo inatua kwenye kidole. Alijaribu mwezi mmoja, akafunga vitu vyake, akarudi Magomeni. Zile nyundo zipo chini ya kitanda mpaka leo.

Sasa wewe unayekwenda MRI, saa na mkanda ni jambo dogo. Kama umewahi kuchomelea, kushika grainda au kugonga chuma kwa chuma, sema, na uombe jicho lipigwe eksirei kwanza. Una kifaa cha moyo, chuma cha operesheni, risasi, kitanzi cha uzazi, hirizi yenye bati, meno ya bandia, sema vyote. Ukiona aibu mbele ya ndugu, mtoe ndugu nje. Unaogopa sehemu finyu, sema. Na kile kipira ni cha kwako, kibonyeze hata ukiwa na mashaka tu, waanze upya, ndiyo kazi yao. Na wewe msindikizaji mwenye elimu, soma swali kwa sauti, lifanye Kiswahili, kisha funga mdomo mzee ajibu.

EDIT: Aliyeandika hapo chini kwamba nimemuua baba yangu jicho, umesema kweli mkuu, sibishani na wewe.

Mzee yupo, kazeeka. Tukienda hospitali, hata zahanati kupima malaria tu, nesi akimuuliza anaumwa wapi, ananigeuzia uso na lile jicho lake moja, anasema, "Muulizeni Mwalimu."

Sijui ananisimanga au bado ananiamini. Miaka yote hii nimeshindwa kumuuliza.

Wewe ambaye mzee wako hujampeleka MRI, muulize leo mwili wake umepitia nini. Halafu rudi hapa utuambie alikujibu nini.