Mstari Nyuma ya Mama Zaituni

Siku yangu ya kwanza kazini Jinja, mkuu wa idara ya maendeleo ya jamii hakunikaribisha hata kiti. Aliniambia, "Kijana, kazi yako ni kuwaita watu waseme wanachotaka. Kuamua kuna wenyewe." Nilicheka nikidhani ananitania.

Nilipewa kata moja ya wavuvi kupita Masese, ambayo sitaitaja. Kila mwaka kabla ya bajeti tulifanya mkutano wa mipango, na watu walichagua mradi kwa kupanga mstari, kama walivyozoea kuchagua wenyeviti wa mitaa. Kila mradi una mtu wake anayesimama mbele, na anayeutaka anajipanga nyuma yake. Hakuna siri hapo. Jirani anakuona umesimama wapi.

Mwaka ule mstari mrefu kuliko yote ulikuwa nyuma ya Mama Zaituni, muuza samaki wakavu. Alisimamia mtaro.

"Bwana afisa, maji ya choo naingia mpaka kwa kitanda," aliniambia. "Mimi iko na mujukuu, anatambaa chini. Andika mtaro."

Nikaandika, nikapeleka kwenye baraza la mji. Baraza likajenga ukumbi wa mikutano. Wafadhili, mkuu alinieleza, wanataka kitu cha kupigwa picha, na mtaro haupendezi kwenye picha. Nilikasirika sana, lakini sikuwa na pa kulalamika zaidi ya kwake yeye mwenyewe.

Mvua zilipokuja, vyoo vikafurika na watoto wakaanza kuhara. Mjukuu wa Mama Zaituni hakumaliza wiki. Pale wengi ni wageni. Mashamba ya ukoo, ambako mtu huzikwa, yako mbali, na nauli ya kusafirisha maiti hawana. Walimzika nyuma ya vichanja vya samaki. Maji yakarudi, kaburi likatitia. Nililiona mwenyewe, na hadi leo sipendi kulizungumza.

Mkutano uliofuata ulifanyika ndani ya ukumbi mpya. Mama Zaituni alisimama mbele tena, na watu wote wakajipanga nyuma yake, mstari ukatoka hadi nje. Nilijua ni mtaro. Nikamuuliza kwa kufuata utaratibu tu.

"Mahali ya kuzika," alisema. "Mtaro nyinyi nakataa. Hii basi tupatie."

Nikaandika makaburi, nikapeleka.

Baadaye nilihamishiwa Mbale, nikafanya kazi chini ya wakuu wengine, na huko nako watu walipanga mistari wakapewa vitu vingine. Sasa nimestaafu. Maafisa vijana hunijia wakiuliza kama kweli kuwashirikisha wananchi kunaleta matokeo. Nawaambia niliona mara moja tu baraza likitoa kile kile watu walichoomba, tena bila kuchelewa. Makaburi yalipatikana kabla ya mvua nyingine. Mtaro haujachimbwa mpaka leo.