Lorcán wa Mwisho

Lorcán Ó Maicín, mwana wa Tadhg aliyemvuta fahali wa padri kutoka kwenye kinamasi kwa kamba na matusi, mjukuu wa Lorcán aliyesimama mlangoni na uma wa majani makavu siku askari walipokuja kuwafukuza nyumbani kwao, wasiingie mpaka wakambeba mzobemzobe. Maana ya jina Lorcán ni mkali mdogo, na kwao halikuwa pambo.

Desturi yetu huku mlimani, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Mwana wa Lorcán alipaswa kuitwa Tadhg. Yeye, kwa kiburi, akampa jina lake mwenyewe. Siku ya ubatizo jirani yake Bairbre alimtania mbele za watu.

"Mtu akibisha hodi amuulizie Lorcán, ataitika nani? Wewe, au huyu mwenye nepi?"

Lorcán alicheka kuliko wote.

Mtoto akakulia ndani ya jina. Akilia, baba yake humwuliza kama Lorcán hulia. Akaacha kulia. Akawa kijana wa kutazamwa. Mwaka mto ulipofurika, kondoo wao mmoja alibaki juu ya mwinuko katikati ya maji. Wanaume wakamsihi amwache, kondoo ni kondoo tu. Akawajibu kwamba yeye ni Lorcán, akaingia. Maji yalipopungua, kondoo alitoka mwenyewe.

Tangu maziko, baba yake akiitwa haitiki. Hukaa mbele ya moto wa mboji kavu ya kinamasi, chai ikipoa mkononi, mke alishatangulia. Amebaki na binti mmoja, Gráinne, aliyekuja juzi na mimba kubwa, akakata mkate, akaupaka siagi, akaketi karibu naye.

"Baba, daktari anasema ni wa kiume. Tutamwita Lorcán, jina lisipotee."

Alidhani anamletea faraja. Mzee akauweka mkate chini bila kuuonja.

"Lipotee."

"Baba..."

"Kwenye jiwe la kaburi letu, chini ya jina la kaka yako, pana nafasi wameiacha kwa wajao. Nikifa, mwambie fundi achonge langu kwa herufi kubwa, alijaze jiwe mpaka kwenye nyasi. Asibakize hata pa kidole. Na huyo mwanao mtafutie jina la mtu anayeogopa maji."

Gráinne akaanza kulia. Mzee hakumnyamazisha.

"Simamia mwenyewe," akasema. "Usimwachie fundi."