Mapafu ya Kondoo wa Idi

Aibu hii nimeificha tangu Idi, lakini kwa vile mmeshaanza kucheka kabla sijasema kitu, wacha niwape yote.

Mnajua mimi ni kadama, nafanya kazi za nyumba kule Al-Nuzha, Jeddah, na mnajua nimeapa nikirudi Kenya naenda kusomea udaktari. Kabla ya kuomba nafasi lazima nimalize biolojia na kemia. Mwende, rafiki yangu wa nyumba ya jirani, alikuwa akienda darasa la Ijumaa kwa Mwalimu Salma, Mtanzania anayefanya kazi maabara, akanisihi twende wote. Nikamwambia darasa ni la wanaopenda kushikwa mkono, mimi nitajisomea kwa simu. Uongo mtupu. Niliogopa kumwomba madam, mwajiri wangu, ruhusa, basi.

Idi ikafika, kondoo akachinjwa, maini yakaliwa asubuhi kama kawaida yao, mapafu yakabaki kwenye beseni yakingoja kutupwa. Kwenye simu nilikuwa nimefika sura ya upumuaji. Nikajiambia nitazame kidogo tu, nikashika bomba la koo, nikaweka mdomo (ndiyo, mdomo, endeleeni kucheka), nikapuliza, yakafura, yakawa ya waridi, mazuri ajabu, nikasahau kama kuna wageni, nikapuliza tena, na hapo ndipo mama mkwe wa madam akaingia jikoni kutafuta kahawa. Nikashtuka nikaachia. Upepo ukatoka na damu yake yote, moja kwa moja kwenye gauni jipya la bibi.

"Sihri," akasema bibi polepole. Uchawi. Huku neno hilo si la mchezo, mtu hupoteza zaidi ya kazi, nikakaa sakafuni na damu mdomoni, nalia, nasema nasoma, nasoma tu, huku nikimnyooshea madam simu.

Madam akatazama picha ya mapafu, akatazama beseni, akamweleza bibi kwa upole mpaka akakubali kuketi. Kisha akanigeukia.

"Kwa nini husomi na mwalimu?"

"Darasa ni Ijumaa, madam. Niliogopa kuomba."

"Ijumaa nenda. Jikoni kwangu, halas, imetosha."

Kitu nilichoogopa kuomba miezi yote nikapewa kama adhabu. Ijumaa nikaenda, na Mwalimu Salma akaweka mapafu mezani, akavaa glavu, akatoa pampu ya baiskeli, akasema hakuna daktari anayepuliza hivi vitu kwa mdomo. Mwende, aliyekuwa ameshasikia yote kwa majirani, akanitazama, nami nikainamia daftari. Tangu hapo hata puto la mtoto sipulizi, na darasa sikosi.