Chupa ya Goti la Mama

Mama alirudi kijijini kwetu Utende kutoka Dar akiwa amewekewa goti la chuma, na mfuko begani kama mtalii wa hifadhi ya bahari. Ndani ya mfuko kulikuwa na kimashine kilichofyonza majimaji ya kidonda kupitia mpira mwembamba na kuyatia kwenye chupa. Kilikoroma kutwa kucha. Majimaji yenyewe yalikuwa na rangi ya supu ya pweza, na kila aliyekuja kumjulia hali alitaka kuyaona.

Aliyewaonyesha ni shangazi yangu, mpiga chuku wa kijiji, ambaye maisha yake yote amewafyonza watu damu mbaya kwa pembe. Aliinua chupa juu ya sinia la wali, nasi tunakula! "Si chuku tu hii? Uchafu unatoka, alhamdulillahi!" Mimi nikanawa mikono. Wenzangu waliitazama, wakaendelea kumega matonge.

Chupa ilipojaa, muuguzi wa hospitali ya Kilindoni alitaka ipelekwe huko ikachomwe. Shangazi akakataa katakata. Damu ya chuku huzikwa nyumbani, alisema, haichezewi na watu baki. Akaipasua kwa panga nyuma ya jiko, nikaziba pua kwa uvundo, akamwaga yote chini ya mndimu.

Kidonda kilipona vizuri, sibishi. Mndimu nao unazaa mpaka matawi yanainama. Mama hukamulia ndimu zake kwenye samaki changu wa kuchoma, akalamba vidole, kisha akanisogezea sahani.

"Kula, mwanangu. Kwani ni damu ya mtu baki?"