Simu ya Malalamiko Iliyolia Kifuani Kwangu

Jamani, bora niwasimulie mwenyewe, maana nusu ya mtaa wetu wa Isevya mnalijua hili jambo na nusu nyingine mnalo la kutunga, eti nilichukuliwa na polisi. Sikuchukuliwa na polisi. Siku ile ningewaona polisi ningewakimbilia wanifiche.

Mnajua mimi ni fundi cherehani, na tabia yangu mnaijua, mtu akifanya kazi polepole mbele yangu nampokonya. Sasa miaka mitatu iliyopita nikajiunga na hii harakati ya macho, watu wa kujitolea wa nchi nyingi, hakuna anayelipwa, kazi yetu ni kuwatafuta wazee wenye mtoto wa jicho huko vijijini, kuwaandikisha, na kuwaleta mjini pale madaktari wa kujitolea wanapokuja kuwapasua. Kila tawi, liwe la Tabora au la Nepali, lina masharti yaleyale: mwenyekiti, mtunza orodha na msikiliza malalamiko, na mtu mmoja hashiki kazi mbili, ili mmoja akiharibu mwenzake aone.

Mwenyekiti nilikuwa mimi. Kwenye fomu nikamwandika Mama Asteria, yule wa kwaya ya Moraviani, awe mtunza orodha, na Mzee Selemani mshona magodoro awe msikiliza malalamiko, nikawaambia nimewaweka mahali, wakaitikia bila hata kuuliza ni mahali gani (watu wema hao, ndiyo shida yao). Ila kwenye nafasi za simu nikaandika namba zangu. Nilikuwa na laini tatu na vitochi viwili vya zamani, zile simu ndogo za tochi, nikasema ni kwa muda tu, maana simu ya Mama Asteria inalala kabatini na Mzee Selemani akianza maongezi hamalizi. Namba mbili tu, basi.

Huo muda ukawa mwaka na nusu. Orodha nikatunza mimi, malalamiko nikasikiliza mimi, na malalamiko yenyewe mengi yalinihusu mimi. Siku moja akapiga bibi wa Usinge, Bi Nyamizi, analalamika kwamba alijiandikisha mbele ya mwenyekiti kabisa, gari likaja likabeba wenzake, yeye hakuitwa. Nikafungua daftari, jina halimo. Nililiandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia gauni, na karatasi sijui ilikwenda wapi. Sasa nimjibuje, na ile ni namba ya Mzee Selemani? Nikakaza sauti (msicheke), nikakohoa kiume, nikamwambia, "Pole sana bibi, mwenyekiti tumemwita na tumemwonya vikali." Akanishukuru sana. Nikamwandika awamu inayofuata na nikarudi kwenye cherehani yangu.

Awamu hiyo ikafika mwaka huu baada ya mvua. Wazee wa Usinge na Ulyankulu wamekwishaletwa, tumewalaza kwenye ukumbi tulioazimwa kule Kitete, madaktari wako Dodoma wanangoja neno moja tu waondoke. Jioni napigiwa simu naambiwa kuna utaratibu mpya: kabla madaktari hawajaja, tawi linakaguliwa na wenzake wa matawi mengine, kesho asubuhi, na bila ukaguzi kupita hawaji. Nikakimbia kwa Mzee Selemani.

"Ukiulizwa, wewe ndiye unayesikiliza malalamiko."

"Malalamiko ya nani?"

"Ya watu."

"Wanalalamikia nini?"

"Hawalalamiki, Mzee. Wewe sema unasikiliza."

Mama Asteria yeye alinitazama tu, akasema, "Kusema uongo siwezi, Mwanaidi. Ila sitakuchongea."

Asubuhi akaingia mkaguzi, Bwana Kondo, Mzaramo kutoka Dar, naye ni wa kujitolea kama sisi, na kwenye kompyuta yake yuko dada mmoja wa Nepali anayefuatilia, Bwana Kondo anamtafsiria. Kwa kuwa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, akaanza palepale: "Mtani, babu zenu walibeba mizigo kwa miguu mpaka kwetu pwani. Na wewe naona tawi zima umelijitwika kichwani." Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka, na jasho likaanza kunitiririka mgongoni ndani ya baibui. Kitochi cha malalamiko nilikuwa nimekichomeka kifuani. Sikukizima, kwa sababu nilikisahau.

Akamwinua Mzee Selemani. "Wewe ndiye unayepokea malalamiko?" Mzee akasema ndiyo, na kwa kuwa ni yeye, akaongeza kwamba ni kazi nzuri, na kwamba hata magodoro siku hizi watu wanalalamika, pamba imekuwa mbaya. Bi Nyamizi alikuwa amekaa mkeka wa mbele. Akainua kichwa, akatega sikio.

"Huyu siye," akasema.

"Siye nani, bibi?" akauliza Bwana Kondo.

"Niliyeongea naye kwenye simu. Yule alikuwa na mafua, na sauti yake ilikuwa nyembamba chini yake."

Nawaambia, hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Niliiona kabisa. Badala yake nikatabasamu, nikasema, "Msamehe bure, Bwana Kondo, bibi ni mtu mzima, masikio yamechoka." Mpaka leo hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

"Yaliyochoka ni macho, mwanangu," akasema Bi Nyamizi. "Masikio ni mazima."

Bwana Kondo akatoa fomu, akasoma namba, akapiga. Kifua changu kikaanza kulia. Na mnajua kelele za vitochi, hata kuku wangekimbia. Nikabonyeza juu ya baibui nikizime, nikabonyeza kwa nguvu, kumbe ninapokea, na nimegusa na spika, sauti ya Bwana Kondo ikatoka kifuani mwangu: "Halo, msikiliza malalamiko?" Yeye huku, na sauti yake huku. Hakuna aliyecheka. Ningetamani wacheke.

Bi Nyamizi akageuza uso upande wangu.

"Kwa hiyo siku ile nilikushitaki kwako."

"Ndiyo, bibi."

"Na uliyemwonya ni wewe."

"Ndiyo."

Halafu akasema, taratibu tu, bila hasira: "Gari liliponiacha, wiki ya pili yake nilimmiminia mjukuu wangu uji wa moto mguuni. Nilidhani ni bakuli. Kwenye simu sikulisema, niliona aibu."

Nililia mbele ya watu wote, na kilio hakikusaidia kitu. Yule dada wa Nepali akaongea kwa muda, na Bwana Kondo akatafsiri, utani umemtoka kabisa usoni: madaktari hawatakuja Tabora mpaka kazi tatu zishikwe na watu watatu wa kweli, na wazee warudishwe makwao siku ileile. Mama Asteria akasimama akasema na yeye ana kosa, aliitikia jina lake liandikwe bila kuuliza. Mzee Selemani naye akasema hivyo hivyo, kwa ufupi, kitu ambacho sijawahi kukisikia. Wazee wakafunga virago vyao. Mmoja wa Ulyankulu akaniuliza, "Sasa macho yetu yamefanya nini?"

Zilipita wiki saba. Uenyekiti nilivuliwa, Mama Asteria akatoa simu kabatini, Mzee Selemani akakabidhiwa laini yake, na madaktari wakaja. Mimi niliomba kazi ya kufua mashuka ya wagonjwa, na nyingine sitaki hata nikibembelezwa.

Bi Nyamizi alifunguliwa bandeji asubuhi. Nikamwendea, nikachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, bibi. Ni mimi Mwanaidi. Nimekuja kukuomba radhi."

"Marahaba." Akanitazama kwa lile jicho jipya, muda mrefu, mpaka nikainamisha uso. "Nimekuona," akasema. "Lakini ngoja kwanza nikauone mguu wa mtoto. Nikishauona nitapiga simu, nikupe jibu."

Gari la Usinge likaondoka naye saa tano. Akipiga atampata Mzee Selemani, namba si yangu tena. Kila siku nikienda sokoni napitia kwake kwenye magodoro, namsalimia, namuuliza kama amepiga, naye anatikisa kichwa, anaendelea kushona.